Eda ya Mume Aliye Hai

Asubuhi ile tulikuwa tumegombana kuhusu mbegu. Nyambura alishikilia kwamba sufi isiyochambuliwa vizuri humtia mtu aibu, maana mnunuzi akichomwa ubavuni na mbegu hataulaumu msufi, atakulaumu wewe uliyemshonea godoro. Mimi nilitaka tumalize upesi niiwahi feri. Tulikuwa uani kwa mama, mtaa wa Bofu, tumejifunga khanga puani na midomoni tusimeze vumbi la sufi, kwa hiyo ugomvi wenyewe ulikuwa wa kuguna zaidi kuliko wa kusema. Mama alipita na sinia la mahamri akatutazama. "Nyinyi hamfai kuwa washirika," akasema. "Mwafaa kuwa wake wenza." Tulicheka mpaka khanga zikatufunguka.

Nyambura lilikuwa jina lake la kuzaliwa. Bofu ilimjua kwa jina la Zainabu, alilopewa aliposilimu na kuolewa na Hamisi, baharia wa meli za mizigo. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli kule Changamwe. Hali ya hatari ilipotangazwa alikuwa miongoni mwa waliokamatwa mwanzo mwanzo, akapelekwa kambini, na chumba walichopewa na reli akapewa mtu mwingine. Mama yake alikwisha kufa zamani. Hamisi alimwona sokoni, akampenda, akamwoa, akamleta ng'ambo yetu ya Likoni, akapanga chumba kwa mama. Kisha akarudi melini, kama wafanyavyo mabaharia.

Mimi nilikuwa mwanamke kijana niliyeachwa na mume, nimerudi kwetu na sanduku moja na hasira nyingi. Naitwa Rehema. Nina kiwanda cha magodoro Changamwe, na siku hizi watu wananiita mjasiriamali, neno ambalo mama yangu angeliogopa. Mwaka juzi alinijia kijana wa chuo kikuu, mpole, kanzu yake imepigwa pasi vizuri, akaniuliza namna maisha yangu ya ujana yalivyoijenga kampuni yangu. Nilimpa jibu la kumfurahisha: nikamtajia bidii, subira na dua za mama. Alipokwenda zake nikajiona mwongo. Ndiyo maana naandika haya, na sina hakika kwamba nikifika mwisho nitakuwa nimemjibu.

Vita vilikuwa bara, misituni. Sisi tulivisikia kwenye redio ya dukani, na tuliviona kwa mbali tu, katika mabehewa yaliyopita Changamwe yamefungwa huku vidole vya watu vikichungulia katika nafasi za mbao. Wazee wetu walisema, "Vita vya watu wa bara hivyo, havituhusu." Lakini mtu wa kabila la Nyambura hakuruhusiwa kukaa Mombasa bila pasi ya serikali, naye hakuwa nayo, na ofisi ya kuiombea ndiyo hiyo hiyo ambayo ingemkamata. Hakukanyaga feri hata siku moja. Kazi yetu tuliigawa kwa hofu hiyo. Yeye alichambua, akajaza, akashona. Mimi nilivuka, nikauza, nikabembeleza wanunuzi. Miaka mingi baadaye mshauri mmoja wa biashara aliisifu kampuni yangu kwa jinsi ilivyotenga idara ya utengenezaji na idara ya mauzo, akaniuliza nilisomea wapi.

Basi, asubuhi ile ya mbegu, mahamri tulikuwa bado hatujayamaliza.

Tulisikia malori. Malori hayakuwa kitu cha kila siku Bofu, na haya yalikuwa mengi, yakitoka upande wa feri. Mwanamke mmoja akapiga kelele barabarani kwamba wanazunguka mtaa mzima.

Mama aliweka sinia chini.

Kisha tukasikia bunduki. Mlio mmoja, halafu kimya, halafu miwili pamoja, upande wa mikokoni kuelekea Mtongwe. Baadaye tulijua kwamba alikuwa mchonga mawe, mtu wa bara, aliyetoka mbio alipoyaona malori. Nilimfahamu kwa sura tu. Alikuwa akitusalimia kila Ijumaa ingawa hakuwa Mwislamu. Walimbeba wakamtupa nyuma ya lori, na kiatu chake kimoja kikabaki njiani mpaka jioni, hakuna aliyekigusa.

Nyambura alisimama. Sufi ilikuwa imemjaa nyweleni.

"Nitoke," akasema. "Wakinikuta hapa watawachukua na nyinyi."

"Utoke wende wapi?" mama akamwuliza. "Keti."

Akamshika mkono akamwingiza chumbani, nami nikafuata bila kujua tunafanya nini. Kitandani palikuwa na jora la marekani nyeupe tuliyonunua kwa ajili ya foronya. Mama aliirarua kwa meno. Alimvika Nyambura nguo ile kuanzia kichwani hadi miguuni, akamkalisha kwenye jamvi uso kuelekea ukutani, akampa tasbihi mkononi.

"Usigeuke. Usiseme."

Walibisha hodi kwa kitako cha bunduki.

Walikuwa afisa wa Kizungu na askari wawili. Mmoja alikuwa mtu wa bara, na wa pili wa pwani. Huyu wa pwani nilimjua kwa jinsi alivyovua kofia. Mama alisimama mlangoni, mwanamke mfupi mwenye mikono yenye unga.

"Nani yuko ndani?" akauliza yule wa bara.

"Mimi na mwanangu huyu. Na kizuka."

"Nini?"

"Mke aliyefiwa. Yumo edani. Mumewe amekufa baharini." Mama akapangusa unga mikononi. "Mwanamume asiyekuwa ndugu yake haruhusiwi kumwona, mwanangu. Hata sauti yake hampaswi kuisikia. Lakini nyinyi mna bunduki, mimi sina. Piteni mkitaka."

Askari wa pwani alitazama chini. Akamweleza afisa kwa Kiingereza, polepole, akionyesha kwa mkono chumba kile. Mlango wa chumba ulikuwa wazi kidogo, na nguo nyeupe ikionekana. Afisa aliitazama muda mrefu. Nilisikia punje za tasbihi zikigongana.

"Poleni sana, mama," akasema askari wa pwani, wakaenda nyumba ya pili.

Tungefunga mlango hapo, mambo yangekwisha. Lakini nyumba za Bofu zina kuta nyembamba na majirani wenye huruma. Jirani yetu alikuwa ameyasikia yote akiwa nyuma ya ua wa makuti, na kabla malori hayajaondoka alikuwa ameshaingia kwa mlango wa uani, machozi yanamtiririka. "Hamisi? Hamisi wetu? Lini? Nani kaleta habari?" Mama alifungua mdomo kumwambia ukweli. Nje, hatua chache, askari walikuwa wamesimama wakivuta sigara. Akaufunga mdomo. "Inna lillahi," akasema tu, na jirani akapiga ukelele wa msiba uliosikika mpaka kisimani.

Kwetu uongo wa namna ile hauwezi kukaa peke yake. Ukisema mtu amefiwa, umewaita watu. Kufika adhuhuri majamvi yalikuwa yametandikwa nje, wanaume wamekaa, vyungu vya wali vinakuja kutoka kila nyumba. Wanawake waliingia chumbani mmoja mmoja kumpa Nyambura pole. Mimi nilisimama karibu yake nikiogopa kwamba hataweza kulia, na watu wataona. Alilia. Alilia kilio ambacho sijapata kukisikia tena. Jioni nikamnong'oneza, "Umejuaje kuigiza hivyo?" Akanitazama kama niliyemtukana. "Sikuigiza," akasema. "Nilikuwa namlilia baba yangu. Yeye hakuna aliyemtandikia jamvi."

Imamu alitaka isaliwe sala ya ghaibu, ile ya maiti aliyefia mbali. Mama akatokwa jasho. Kumzushia mtu kifo ni dhambi, lakini kumsalia aliye hai! Akamwomba imamu wangoje kwanza barua ya meli. Imamu akamtazama, akapangusa ndevu. "Basi tutasoma hitima, Bi Khadija," akasema. "Dua haimdhuru mtu, awe hai, awe maiti." Mpaka leo sijui kama alikuwa akimliwaza mama au akimwambia kwamba ameelewa. Alifariki bila mimi kumwuliza.

Kisha akaja Bi Mwanasha.

Bi Mwanasha alikuwa mama yake Hamisi, akiishi Mtongwe. Katika zile mbio za marekani na tasbihi hakuna aliyemkumbuka. Alifika akishikiliwa huku na huku, amepoteza sauti, akaingia chumbani akamkumbatia Nyambura, wakaanguka pamoja kwenye jamvi. Hamisi alikuwa mwanawe wa pekee. Nyumba ilijaa watu kuanzia mlangoni mpaka uani. Mama alisimama na birika la kahawa mkononi, na nikaona kwamba mkono uliokuwa mtulivu mbele ya bunduki sasa unamwaga kahawa.

Matanga yalipoisha, mama alikwenda Mtongwe akinichukua mimi kama shahidi. Bi Mwanasha alikuwa amelala kitandani, kageukia ukutani. Mama akamwambia yote, kwa sauti ya chini, tangu malori hadi foronya.

"Hamisi hajafa, dada yangu. Ni mimi niliyesema. Nilisema kwa ajili ya mke wa mwanao. Wallahi mwanao yu hai, yuko safarini."

Bi Mwanasha alimshika mkono akaupapasa.

"Ahsante, Khadija," akasema. "Una moyo mwema. Lakini usinifanye mtoto."

"Naapa kwa Mungu!"

"Waniliwaza. Mtu akifa baharini, watu humwambia mamaye hivyo. Yuko safarini. Mama yangu aliambiwa hivyo juu ya kakangu. Alimngoja mpaka akaingia kaburini."

Mama aliapa tena. Nami niliapa. Kadiri tulivyoapa ndivyo alivyozidi kutuhurumia. Tuliondoka tukiwa tumeshindwa kumfufua mtu ambaye hakuwa amekufa. Nilidhani nikiwa mkubwa nitaelewa tulikosea wapi. Sasa nimemzidi mama umri aliokuwa nao siku ile.

Niseme na hili, maana ni la kweli na linaniumiza. Biashara yetu ilistawi. Watu walinunua mito ya Nyambura kwa huruma, kwanza Bofu, kisha Mtongwe, kisha wakubwa wa mjini waliosikia habari za mjane wa baharia anayeshona akiwa edani. Ubani, zile rambirambi zilizoletwa na majirani, hatukuweza kuzirudisha bila kusema sababu, kwa hiyo zilinunua magunia ya sufi. Nyambura alishona kutwa katika chumba kile kisichofunguliwa dirisha. Alipoteza rangi. Wakati mwingine aliniuliza, "Rehema, hivi nikimwona Hamisi nitamwambia nini? Kwamba nimekula ubani wake?" Tulicheka, lakini alianza kuogopa kulala. Alisema akilala humwota Hamisi amelowa maji. Kampuni yangu ilizaliwa humo, nami kila ninaposoma habari za watu waliopata mtaji kwa baba zao au kwa benki huona haya, nisijue ni haya ya nini.

Eda ya aliyefiwa ni miezi minne na siku kumi. Ilikuwa imepita nusu.

Bi Mwanasha hakutuamini, lakini maneno yetu yalimwingia, yakamsumbua kama jiwe kiatuni. Siku moja, bila kumwambia mtu, alivuka feri, yeye ambaye hakuwa amekwenda mjini kwa miaka, akauliza njia mpaka ofisi ya meli. Alikuwa na swali moja tu: mwanawe kazikwa wapi. Karani akatafuta, akamwambia hapana mtu wa jina hilo aliyekufa. Hamisi yu hai, yuko kazini, na meli yake imetia nanga katika bandari fulani ya mbali.

Nilikuwa barabarani nikirudi na mikono mitupu, nimeuza kila kitu, niliposikia vigelegele. Vilianzia kwenye feri yenyewe. Mwanamke mzee alikuwa anakuja mbio, buibui limemshuka mabegani, anapiga vigelegele, anasimama, anahema, anapiga tena. "Mwanangu yu hai! Hamisi yu hai! Jamani, nifurahikieni!" Askari wa kwenye feri walikuwa wanacheka naye. Mmoja alimpigia makofi. Watu walitoka majumbani. Kufika kwetu alikuwa na mtaa mzima nyuma yake, na mtu alishaleta halua.

Mama alitoka mlangoni. Bi Mwanasha akamrukia shingoni.

"Hukuwa waniliwaza! Ulinambia kweli, Khadija! Ulinambia kweli!"

Mama alimkumbatia. Alikuwa analia, na watu wote walidhani ni furaha. Ilikuwa ni furaha pia. Juu ya bega la Bi Mwanasha macho yake yalinitafuta mimi, na nikaelewa, nikaingia ndani.

Nyambura alikuwa ameshavisikia vigelegele. Alikuwa amesimama katikati ya chumba na ile marekani yake, anatabasamu.

"Yu hai," akasema, kana kwamba hakuwa akijua siku zote. Kisha akasema, "Basi mimi si mjane."

Askari wa feri walikuwa wamekwisha kuisikia habari ile. Tulizungumza kumpeleka Kisauni, tulizungumza kumpeleka mashambani kwa ndugu za mama. Kila njia ilikuwa na askari. Nyumba ilikuwa imejaa watu wenye furaha, na hatukuweza kuwafukuza.

Walikuja kesho yake asubuhi.

Safari hii hawakubisha hodi.

Askari wa pwani hakuwamo. Walimtoa vile vile alivyokuwa, na nguo nyeupe. Mama aliwashika miguu. Mmoja alimsukuma, si kwa nguvu sana, akaangukia magunia.

Nyambura alinitazama mimi. "Mito mitatu haijafungwa mdomo," akasema.

Niliiokota sindano yake sakafuni.

Lori likaenda.

Bi Mwanasha alipopata habari hakuuliza ni nani aliyewaambia. Alikaa kwenye kizingiti cha nyumba yake, mikono juu ya mdomo wake. Sijui kama kuna mtu wa kulaumiwa. Nimejaribu kumlaumu mama kwa kusema uongo, lakini bila uongo ule Nyambura angechukuliwa siku ile ya malori, pengine kwa risasi. Nimejaribu kumlaumu Bi Mwanasha kwa kufurahi. Jaribu wewe kumlaumu mama aliyeambiwa mwanawe yu hai. Nimemlaumu karani, ambaye alisema kweli. Wakubwa waliotunga sheria zile za pasi nawalaumu kila siku, lakini hao hawakuwahi kuketi kwenye jamvi letu.

Tulisikia amerudishwa kwao, bara, katika vijiji vile vilivyozungushiwa mahandaki. Barua hazikufika, au zilifika zisijibiwe. Nikaendelea na kazi. Niliajiri mwanamke mmoja, kisha mwingine. Niliwafundisha kuchambua mbegu kama Nyambura alivyotaka, si kama nilivyotaka mimi.

Hali ya hatari ilikuwa inakaribia kwisha alipokuja baharia mmoja, Salimu, na kisanduku cha Hamisi. Alisema Hamisi alishikwa na homa, akateremshwa katika hospitali ya bandarini, na meli ikang'oa nanga. Habari ya kufa waliipata safarini. Salimu mwenyewe hakumwona maiti, wala kaburi. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akaenda chumbani kwake, akafunga mlango. Tangu hapo hakuwahi tena kutamka jina la mtu aliye safarini. Watu walisema maneno huumba. Hakuna aliyemwambia usoni, na hakukuwa na haja.

Bi Mwanasha alipoelezwa alitabasamu. "Aa," akasema. "Hata mara ya kwanza mlinambia hivyo."

Pasi zilipoondolewa, Nyambura alirudi. Hakuna aliyemtarajia. Nilikuwa uani napima kitambaa nikasikia hodi, nikaitikia, akaingia mwanamke mwembamba mwenye kovu mkononi ambaye ilinibidi nimtazame mara mbili. Tulishikana. Mama alitoka jikoni akamwita, "Mwanangu!" naye akaitika, "Abee, mama," kwa lafudhi yetu kabisa, kana kwamba alikuwa amekwenda kisimani tu. Alikula. Alisimulia kidogo: kuchimba mahandaki, njaa, na kwamba hakuwahi kumpata baba yake. Kisha akauliza, "Hamisi yuko bandari gani sasa?"

Mama aliweka mkono kwenye goti lake.

"Zainabu, mwanangu. Hamisi amekufa."

Nyambura alicheka.

Alicheka kwa sauti, kicheko kizuri cha zamani, akageuka kutazama mlango. "Safari hii nani yuko nje?" akauliza. "Wazungu wangapi?"

Hakuna aliyekuwa nje. Mama alirudia maneno. Nikamletea kisanduku. Alikifungua, akatazama shati na kisu cha kunyolea, akakifunga. Akauliza maswali kama ya hakimu. Nani alimwona? Nani alimwosha? Nani alimzika? Hatukuwa na jibu hata moja. "Basi," akasema. Mama akamweleza taratibu kwamba inampasa kukaa eda. Nyambura akatikisa kichwa bila hasira. "Hiyo nimeshaikaa, mama. Nilifungwa kwa ajili yake. Mume mmoja hana eda mbili."

Akaenda Mtongwe kukaa na mkwewe. Bendera ilipobadilishwa, watu walicheza ngoma barabarani mpaka miguu ikavimba, nami nilicheza. Nilipowapelekea Bi Mwanasha na Nyambura halua ya uhuru, niliwakuta wameweka sahani tatu. Sikuuliza. Nilikaa nikala nao.

Kiwanda kilikua. Nilihamia Changamwe, nikanunua mashine, sufi ikaipisha sponji. Watu hunitania kwa masharti yangu mawili. Kwanza, kwangu hakuna ruhusa kusema "Bosi hayupo" nami nipo. Mhasibu mmoja, kijana mwerevu, aliwahi kumwambia mdai kwamba nimesafiri, na mimi niko ndani nanywa chai. Nilitoka na kikombe mkononi nikamsalimu mgeni, na mwaka ule ukweli wangu ulinigharimu mkataba wa hospitali kubwa. Pili, mfanyakazi akifiwa au akifa, mchango haupitishwi mpaka watu wawili wamekwenda wakaona kwa macho yao. Wananiita Bi Roho Ngumu. Mwanangu, ambaye ndiye meneja sasa, ameniuliza mara nyingi sababu. Humwambia ni utaratibu tu. Hata mimi sijui kama ni hekima niliyoipata au ni woga ulioniganda, na tofauti yake kibiashara ni ndogo.

Bi Mwanasha alipofariki, Nyambura alikuja kufanya kazi kiwandani. Nilimpa nusu ya kampuni, akaikataa, akataka meza karibu na dirisha na kazi ya kukagua mishono. Alikuwa bado mwanamke wa kuvutia. Msimamizi wa ghala, mwanamume mwenye heshima aliyefiwa na mke, mwenye watoto wawili, alianza kumletea machungwa. Mwisho, kwa adabu, alikuja ofisini kwangu, akavua kofia, akaketi kwenye ncha ya kiti.

"Bi Rehema," akasema, "wewe ndiwe kama nduguye. Na watu wote wanajua husemi uongo. Yule Bi Zainabu nimemwuliza, anasema mumewe yuko safarini. Wenzangu wanasema alikufa zamani. Nami sitaki kuposa mke wa mtu. Niambie wewe. Ana mume?"

Kupitia kioo nilimwona Nyambura mezani kwake, ameinamia mshono, anautoa uzi uliokaa vibaya. Alikuwa mtulivu. Nilimfikiria mwanamume huyu mwema, machungwa yake, na nyumba ambayo huenda ingempa furaha. Nilimfikiria Salimu, ambaye hakuona kaburi. Maji yalinijaa machoni, nikajifanya natafuta miwani.

"Anaye," nikamwambia. "Yuko safarini."